Jina Lililozikwa Kirando

Hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, tulimfahamu Bertilla kwa kimea. Aliloweka ulezi kwenye mapipa, akauotesha chini ya magunia, akauanika kwenye mikeka nyuma ya nyumba, na ulipokauka akausaga. Wapika pombe wa Katandala na wa huku kwetu walimfuata yeye kwa sababu kimea chake hakikuwa na mchanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyeimba kwaya kwa sauti nzito kuliko ya wenzake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko hadi kifundo. Alilipata zamani, akiwa na watoto wadogo, siku chungu cha uji wa pombe kilipompasukia mikononi.

Haya ninayoyaeleza alinisimulia mwenyewe, na mumewe Mathias akiwa ameketi pembeni akiitikia kwa kichwa. Machache nimeyapata kwa Albina, mwuza dagaa wa Kirando, kule ziwani, ambaye mambo yalianzia kwake.

Bertilla alilelewa na mama aitwaye Stefania, mjane asiyekuwa na watoto wengine. Alimwita mama na hakuwahi kudhani vinginevyo. Waliishi vizuri, ila nyumba yao ilikuwa na miiko ambayo nyumba nyingine hazikuwa nayo. Samaki wa ziwani hawakuingia jikoni kwao. Migebuka ilipopitishwa barabarani, Stefania alivuta mlango. Wenzake Bertilla walipokwenda kuwatembelea ndugu zao bondeni, kule uwanda wa Ufipa unapokatika na kuteremkia ziwani, yeye alizuiwa. Hakupewa sababu. "Maji yale si ya kwako," ndilo jibu alilopata, na akakua nalo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Shuleni, mwalimu wa historia alipofika kwenye somo la nchi yetu ilivyopata jina, Bertilla alishindwa kuendelea kukaa darasani. Mwalimu alisema Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani hawakutaka kuendelea kuiita kwa jina la Kijerumani, wakatafuta jingine, wakaona ziwa kwenye ramani, wakalichukua jina la ziwa wakaipa nchi nzima. Wengine husema maana yake ni tanga na nyika, wengine husema ni mahali panapokutana na kuchanganyika maji mengi. Kisha Uhuru ukaja, kisha Muungano, na jina likaondoka. "Tanganyika ni nchi iliyokuwepo," mwalimu alisema. Bertilla akasikia baridi ikimpanda kutoka nyayoni kama mtu aliyeingizwa majini. Akaomba ruhusa, akatoka nje, akasimama juani mpaka kengele ilipolia.

Aliolewa na Mathias, akazaa, akaanza biashara ya kimea. Miaka ya tisini, vyama vingi viliporudi, redio zilileta sauti za watu mikutanoni wakidai warudishiwe Tanganyika yao. Jioni moja Bertilla alikuwa amemtembelea Stefania, wanachambua maharage, na sauti hizo zikatoka redioni, umati mzima ukisema kwa pamoja, "Tunaitaka Tanganyika! Turudishieni Tanganyika!" Stefania aliinuka akaizima redio. Akafunga mlango wa mbele. Akafunga wa nyuma. Akarudi kuketi akaendelea kuchambua, lakini sasa alitupa maharage mazuri pamoja na mabovu.

"Mama, hao ni wanasiasa tu," Bertilla alimwambia.

"Wanaita wasichokijua," Stefania alijibu.

Stefania alifariki akiwa mzee sana. Siku za mwisho alizungumza Kifipa kitupu, na mengi hayakuwa na kichwa wala miguu. Lakini mchana mmoja alimshika Bertilla kovu la mkono akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Likitajwa lile jina la ziwa, usiitike." Bertilla alimwitikia kwa kumridhisha, kama tunavyowaitikia wagonjwa. Wakamzika, na jambo lile likasahaulika.

Albina alianza kuja baada ya hapo. Alipandisha dagaa kutoka Kirando, akawauza hapa mjini, na wakati wa kurudi alinunua kimea kwa ajili ya wapika pombe wa kule chini. Mara ya kwanza alipofika kwa Bertilla alisimama mlangoni akamtazama kwa muda kuliko ilivyo adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, samahani. Una ndugu Kirando?"

"Sina. Hata ziwa lenyewe sijawahi kuliona."

"Ajabu. Kuna bibi mmoja kwetu, ungesema amekuzaa. Uso huo huo, hata kusimama ni kule kule."

Bertilla alicheka. Aliinamia gunia kuchota kimea, mgongo wake ukiwa umeelekea mlangoni.

"Anaitwa nani bibi huyo?"

"Sisi tunamwita Mama Tanganyika."

"Abee," Bertilla akaitika.

Lilimtoka kabla hajajua, vile mtoto anavyomwitikia mama yake kutoka chumba kingine. Albina alidhani ni utani, akacheka kidogo. Kisha alimwona Bertilla amesimama wima na kopo mkononi, kimea kikimwagika juu ya miguu yake, na kicheko kikamwisha. Alilipa, akabeba mzigo wake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Tangu siku hiyo Bertilla hakulala sawasawa. Mathias anasema alikuwa akiketi kitandani ameelekeza sikio upande wa magharibi. Akimuuliza anasikiliza nini, anajibu kwamba hajui.

Msimu wa ulezi kuvunwa ulipofika, akaja mwanamume. Alikuwa mtu wa makamo, fundi wa injini za boti, mikono imeingia oili mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Alikaribishwa, akaketi, akamwamkia Mathias, kisha akamgeukia Bertilla.

"Shikamoo, dada."

Bertilla alimtazama. Uso ule ulikuwa wake, umewekwa masharubu.

"Dada yako mimi?"

"Naitwa Yusto. Baba yetu alikuwa Kornel, fundi seremala wa misheni. Albina aliporudi na habari zako nilijua, lakini nilikaa nazo. Baba aliniapisha nisiseme mpaka mama atangulie. Sasa mama yuko hai, ila hali imekuwa ya kutisha, nami nimeshindwa kuibeba peke yangu."

Akaeleza, na alieleza taratibu, maana aliona kila neno linavyompata.

Mwaka ule wa Uhuru watu wa Kirando walifurahi furaha yao wenyewe. Nchi nzima ilikuwa inaitwa kwa jina la maji yao. Kornel alitembea kifua mbele kama baba aliyemwozesha binti kwa mfalme, akisema ziwa letu limezaa nchi. Mkewe Kristiana alikuwa mjamzito, akajifungua Desemba hiyo hiyo, wakati boti bado zimefungwa vitambaa vya rangi ya bendera. Padri alimbatiza mtoto kwa jina la Bertilla, mtakatifu aliyetangazwa mwaka uleule. Lakini nyumbani na kijijini kote, mtoto aliitwa Tanganyika. Wavuvi walipomwona mgongoni mwa mama yake walisimama kumpigia saluti.

Muungano ulipokuja, mtoto akaanza kuugua. Haikuwa homa wala tumbo. Alilegea, akawa mzito, na nywele zake ziliamka zimelowa kila asubuhi hata wakati wa kiangazi. Alikuwa akitambaa kutoka kitandani na kukutwa ameketi kwenye mchanga, miguu ndani ya maji. Oktoba ya mwaka huo redio ya misheni ikatangaza kwamba sasa nchi itaitwa Tanzania. Jioni ya siku hiyo mtoto aliacha kusema.

Kornel alikuwa mtu wa kanisa, lakini alikwenda kwa mganga kwa siri. Akaambiwa hivi: jina lile ni la ziwa. Watu wazima walilichukua bila kuliomba, wakalivalisha nchi. Sasa nchi imelivua, na jina linarudi kwa mwenyewe. Njiani litabeba chochote kitakachokuwa bado kinaitwa hivyo. Nchi imeokoka kwa kubadili jina. Mtoto je?

"Ndipo wakazika," Yusto alisema.

"Wakazika nini?" Mathias aliuliza.

"Shina la mgomba, badala yako, dada. Baba alichonga jeneza dogo. Mama alilivisha shina gauni la mtoto, akalifunga kilemba, akalinyonyesha mara ya mwisho mbele za watu. Waliambiwa kilio kisiwe cha kuigiza, maana ziwa litajua. Kwa hiyo mama alilia kweli. Usiku uleule shangazi Stefania alikubeba mgongoni akapanda nawe huku Sumbawanga. Baba aliuchagua mji huu kwa sababu ya jina lake. Alisema mji unaoitwa tupa uchawi, ni dawa tosha."

Bertilla aliuliza swali moja tu. "Na mama yangu hakuja hata mara moja kuniona?"

"Alikatazwa. Angekuja, kilio chake kingekuwa uongo." Yusto alikuna oili kwenye kucha. "Dada, kuna jambo hujalielewa. Mimi nilizaliwa baadaye, na nimekua namwona mama anakwenda kaburini. Mwanzoni huenda alijua ni mgomba. Sikumbuki aliacha lini kujua. Sasa anasema mwanawe yuko pale, na kwamba huwa anatoka kuja kumwona. Kila siku anamwita. Nilifikiri ukija wewe mwenyewe, mzima, atatulia."

Walisafiri kesho yake, Bertilla, Mathias na Yusto, kupitia Namanyere. Gari lilipoanza kuteremka na ziwa likaonekana kati ya vilima, Bertilla alitazamia moyo umlipuke. Haikuwa hivyo. Aliona maji mapana, yametulia, hayana wimbi, yana rangi ya bati kuukuu, na alichohisi ni aibu, kama mtu anayeingia kikaoni amechelewa na kila mmoja amenyamaza.

Kirando ilikuwa inanuka dagaa. Walianikwa kwenye mchanga na juu ya vichanja, wanang'aa mpaka macho yanauma. Watu walipomwona Bertilla waliacha walichokuwa wakifanya. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Mzee mmoja tu alivua kofia, akaishika kifuani mpaka walipopita.

Kristiana alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, mwembamba, umri zaidi ya themanini, kichwa wazi, nywele nyeupe tupu. Redio ndogo ilikuwa inasema karibu na goti lake. Yusto aliinama.

"Mama, nimekuletea mgeni kutoka Sumbawanga. Anaitwa Bertilla."

Bertilla alipiga magoti, akamshika mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Baridi imepungua?" Sauti ilikuwa ya upole, ya mwenyeji kwa mgeni. Akamtazama usoni bila kushtuka. "Jina zuri. Hata binti yangu padri alimpa hilo, lakini halikumshika."

Bertilla aliendelea kumshika mikono. Mathias ndiye aliyejibu habari za baridi.

Redioni mtangazaji alikuwa anasoma habari za mkoa wa Katavi, akamtaja mkuu wa Wilaya ya Tanganyika. Bibi aliinua kidole. "Mnasikia? Kwa muda mrefu walinyamaza. Sasa wameanza kumtaja tena. Wamempa hata wilaya."

Jua lilipopungua makali alimwomba mgeni amsindikize kaburini kung'oa majani. Yusto alitaka kufuatana nao, akamkataza. Palikuwa nyuma ya nyumba, karibu na maji, mahali ambapo mawe yanazuia mawimbi. Kaburi lilikuwa fupi, la mtoto, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Juu yake kulikuwa na kikombe cha bati. Msalaba wa mbao ngumu, kazi ya fundi, ulichongwa maneno ambayo jua na mvua havikuweza kuyafuta: TANGANYIKA KORNEL, 1961 – 1964.

Bertilla alipiga magoti akang'oa majani juu ya kaburi lake mwenyewe. Anasema udongo ulikuwa na uvuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka kuamka.

"Mwanao alikuwa mdogo, mama," alisema, ili aseme kitu.

"Alikuwa mdogo wakati ule. Sasa amekuwa mtu mzima, ana wajukuu." Bibi aliketi juu ya jiwe. "Huwa anakuja pale ulipo wewe, anaketi. Haji kila siku. Alikuja na sare ya shule, gauni la bluu, analia amechapwa. Alikuja na shela siku aliyoolewa. Kornel hakumwona, mimi nilimwona. Akaja na tumbo, akaja amebeba mtoto. Mwaka mmoja alikuja ameungua mkono. Huu hapa." Akajishika mkono wa kushoto, kiwiko mpaka kifundo. "Ngozi imening'inia. Nikamuuliza, nani amekuunguza huko uliko? Hakusema. Yeye hasemi, tangu siku ile redio ilipotangaza. Nikampaka asali, akaondoka."

Bertilla alikuwa amejitanda kitenge kizito kwa ajili ya upepo wa njiani, na mikono yake ilikuwa imefunikwa. Alikivuta kitenge akajifunika zaidi. Alikumbuka siku chungu kilipopasuka. Alikumbuka alivyozimia, na jinsi Stefania alivyosema baadaye, akishangaa, kwamba kidonda kilikuwa kinanata na kunukia asali, ilhali hakuna mtu aliyekuwa na asali nyumbani.

Hilo la asali hakuniambia siku ya kwanza. Aliniambia muda mrefu baadaye, na Mathias akasema, ni kweli, hata mimi niliinusa.

Walikaa Kirando kama wiki. Bertilla alimpikia mama yake, akamwogesha, akamsuka zile nywele chache. Bibi alimpenda. Alimsifu kwa majirani, akasema mgeni huyu wa Sumbawanga ana mikono mizuri. Bertilla alimweleza mara mbili, polepole, kwamba ni yeye, kwamba uliozikwa ni mgomba. Bibi alisikiliza yote kwa makini, akatikisa kichwa kwa huruma. "Watu wa kule juu wana hadithi," alisema.

Kisha ikaja alasiri moja ya joto. Bertilla alikuwa anaosha vyombo nyuma ya nyumba. Ziwa halikuwa hata na mkunjo. Bibi, akiwa mkekani upande wa mbele, akaita.

"Tanganyika! Wewe, Tanganyika!"

Bertilla aliweka sufuria chini. Anasema katika maisha yake yote hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kuitika siku ile. Akaitika.

"Abee, mama!"

Akakimbia kuizunguka nyumba, mikono inachuruzika maji. Bibi alikuwa ametazama kwenye maji, hakugeuka.

"Si wewe, mgeni," alisema kwa upole. "Mwenzio ameshaitika."

Mathias alikuwa kibarazani muda wote ule. Alimwambia mkewe baadaye kwamba alisikia abee mbili. Moja ilitoka nyuma ya nyumba. Nyingine ilitoka upande wa maji, ikatangulia kidogo, na sauti ilikuwa ile ile nzito ya kwaya.

Yusto alipoambiwa alikasirika kama wanavyokasirika watu wenye hofu. Akachukua jembe. "Inatosha. Mimi nafukua. Tutatoa udongo, tutamwonyesha mama kwamba hamna kitu, na mambo haya yataisha leo."

Alikuwa amekwisha kuondoa mawe ya upande mmoja Bertilla alipomfikia akaushika mpini wa jembe.

"Acha, Yusto."

"Dada, ni mgomba. Umeshaoza zamani. Tutakuta udongo mtupu."

"Na tukikuta mtu?"

Yusto alitazama kaburi. Alitazama uso wa dada yake. Aliliegemeza jembe kwenye msalaba, na wote wawili wakaanza kurudisha mawe, kila jiwe mahali pake.

Walirudi Sumbawanga. Bertilla alimpigia Yusto simu kila Jumapili, na Yusto alimwekea mama yao simu sikioni. Bibi alimsalimia mgeni wake vizuri, akamuuliza habari za ulezi. Alimweleza pia habari za binti yake, kwamba siku hizi anakuja mara kwa mara, tena haondoki upesi. Bertilla alimsikiliza. Alikubali kuwa mgeni, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi aliyoachiwa, na ilikuwa bora kuliko kukosa kabisa.

Kristiana alifariki mvua zilipoanza. Barabara ya kuteremka ilikuwa imeharibika, gari likakwama njiani, na Bertilla na Mathias walifika Kirando wakati jeneza linatolewa ndani. Alilia, akamwaga udongo pamoja na Yusto. Mama yake alilazwa ubavuni mwa lile kaburi fupi. Wanawake wa msibani walimpisha kila alikopita. Walimpa heshima, lakini hakuna aliyemgusa.

Jioni, watu walipopungua, Albina alimletea chai. Aliweka kikombe chini badala ya kumpa mkononi.

"Mama, usikasirike nikikuuliza. Asubuhi ulikuja na nani?"

"Asubuhi? Sisi tumekwama kwenye tope. Tumefika maiti inatoka."

"Ndiyo. Tumewaona." Albina alishika kanga yake kwa vidole vyote. "Lakini alfajiri, sisi tuliokesha na maiti, uliingia. Nguo zilikuwa zimelowa, tukadhani ni mvua. Ulikaa kichwani pa mama, ukamfunga kilemba. Tulikuamkia hukujibu. Kisha ukatoka kwa mlango wa nyuma."

Bertilla alikivuta kikombe karibu. Kisha akauliza, "Alikuwa analia?"

"Sana," Albina alisema. "Alilia kweli."

"Basi vizuri," Bertilla akajibu, akachukua kikombe akanywa chai yake.

Siku hizi ziwa halimtishi. Hushuka mara moja moja kumwona Yusto na wanawe, na hula migebuka kama watu wengine, ingawa hatoki kwenda kwenye mawe yale ya nyuma, yaliko makaburi. Huku kwetu tulipopata habari, baadhi yetu tulijaribu kumwita kwa lile jina la zamani. Kuna waliolitaja kwa heshima, na kuna vijana waliolitaja kwa vituko, maana kwenye simu zao neno Tanganyika siku hizi ni neno la kubishania serikali. Wote aliwakatalia. Hata Mathias alimuuliza, tukiwa tumeketi sote uani na ulezi umetandazwa juani, kama hataki hata kidogo kuitwa alivyoitwa na wazazi wake.

"Niiteni Bertilla," alisema, huku anaugeuza ulezi kwa kiganja. "Lile lina mtu."